BATA GANI HUYU HALIWI, ANACHECHEMEA TU IKULU?

Wiki hii naomba tuongelee bata. Hapana, siyo yule wa sokoni aliyefungwa miguu akisubiri Krismasi, wala siyo kule kula bata mnakokujua wenyewe mshahara ukiingia. Nina maana ya bata wa siasa, yule ambaye Waingereza na Wamarekani wanamwita "lame duck". Neno hili kila uchaguzi wa Marekani ukifika linarushwarushwa redioni na kwenye vijiwe vyetu mpaka basi, na wengi wanaolirusha, samahani sana, wanalirusha ovyo.

Mwishoni mwa mwaka 2024 mshikaji mmoja alitutolea somo kijiweni kwetu. "Si mnamwona Biden anavyotembea? Ndiyo maana wanamwita bata kilema!" Watu wakacheka, wakaafiki, kahawa ikaendelea. Wapi bwana! Miguu ya mzee yule haihusiki hata kidogo. Hata angekuwa bingwa wa mbio za mita 100 wangemwita hivyo hivyo.

Bata huyo, ambaye mimi nimeamua kumwita bata kiguru kwa sababu linanoga mdomoni, ni kiongozi aliyechaguliwa na watu ambaye siku yake ya kuondoka inajulikana. Labda ameshindwa uchaguzi, labda Katiba imemwambia awamu zako zimekwisha, labda katangaza mwenyewe kwamba hagombei tena. Ofisi bado anayo, walinzi anao, magari yanalia ving'ora kama kawaida. Lakini kila mtu, kuanzia waziri mpaka mpiga chapa, anajua kwamba siku fulani saa fulani huyu bwana hayupo. Na wakishajua hivyo, wanaanza kumwangalia kwa jicho jingine.

Neno lenyewe halikuzaliwa kwenye siasa. Lilizaliwa London katika karne ya 18, kwenye vichochoro walikokuwa wakikutana madalali wa hisa. Jamaa hao walikuwa na lugha yao ya mjini, kama walivyo wapiga debe wetu wa daladala. Anayenunua akitegemea bei itapanda waliita fahali. Anayeuza akitegemea bei itaporomoka waliita dubu. Na yule aliyecheza akapigwa, madeni yakamfika shingoni akashindwa kulipa, huyo ndiye bata kiguru. Alikuwa anatoka kwenye kile kichochoro mdogo mdogo, anayumba kulia na kushoto kama bata, na wenzake wanamwangalia. Mwaka 1761 mwandishi wa Kiingereza Horace Walpole alimwandikia rafiki yake barua akimuuliza kama anajua fahali, dubu na bata kiguru ni vitu gani. Ina maana hata enzi zile kulikuwa na wasomi waliokuwa hawajalipata. Kwa hiyo na wewe usione haya.

Karne iliyofuata neno likavuka bahari, Wamarekani wakalivisha suti na kulipeleka bungeni. Na kweli linafanana. Dalali aliyefilisika yupo sokoni lakini hana anayempa mali kwa mkopo. Mwanasiasa anayeondoka yupo madarakani lakini hana anayemkopesha utii.

Kama bado hujanielewa, nenda kwenye maisha ya shule. Nilisoma shule ya bweni, na tulikuwa na kaka mkuu mmoja ambaye jina lake naliweka kapuni. Akipuliza filimbi saa nne usiku, bweni zima giza, hata mende wanalala. Akipita foleni ya chakula, mpishi anamkandamizia nyama mbili juu ya maharage. Basi bwana, ukafanyika uchaguzi wa viranja wapya. Yeye alibaki na wiki chache za kukabidhi, na filimbi bado iko shingoni. Usiku ule ule akaipuliza. Filimbi ni ile ile, mdomo ni ule ule, mapafu ni yale yale. Taa hazikuzimwa. Mtu mmoja kutoka vitanda vya nyuma akapaza sauti, "Kaka, na wewe nenda kalale!" Nyama mbili nazo zikahama sahani.

Ndiyo hivyo hivyo Ikulu, ila huko taa zisipozimwa nchi inaweza kuungua.

Wamarekani waliungua kweli. Katiba yao ya zamani ilikuwa na pengo kubwa: uchaguzi unafanyika mwishoni mwa mwaka, rais mpya anaapishwa Machi 4. Miezi minne! Tuwatetee kidogo, zama zile usafiri ulikuwa farasi na barabara za matope, kura zenyewe zilichukua wiki kadhaa kufika na kuhesabiwa. Lakini ndani ya ile miezi minne yule wa zamani anabaki kitini, na wa kwanza kuonyesha vituko alikuwa John Adams. Alishindwa na Thomas Jefferson, akaamua kutumia siku zake za mwisho kujaza mahakama watu wake. Alisaini hati za majaji mpaka mkesha wa kuondoka, Machi 3, 1801, ndiyo maana historia inawaita majaji wa usiku wa manane. Kazi ya kuzigonga mhuri na kuzisambaza ilikuwa ya waziri wake John Marshall, na haraka ilivyokuwa, nyingine zikasahaulika mezani. Jefferson alipoingia akazikuta, akasema zisipelekwe. Jamaa mmoja aliyenyimwa hati yake, William Marbury, akaenda mahakamani. Sasa sikia uhondo: Jaji Mkuu aliyeisikiliza kesi hiyo ni John Marshall yule yule aliyeshindwa kuzisambaza! Hukumu yake ya mwaka 1803 ndiyo iliyoipa Mahakama Kuu ya Marekani uwezo wa kutupilia mbali sheria inayopingana na Katiba. Yaani moja ya nguzo kubwa za sheria duniani imetokana na rundo la barua za bata kiguru ambazo hazikufika kwa wenyewe.

Hiyo ni ya kuchekesha. Ya kusikitisha ni ya James Buchanan. Novemba 1860 Abraham Lincoln alichaguliwa, na majimbo ya Kusini yaliyokuwa yakiishi kwa jasho la watumwa yakasema hatumtaki. Desemba 20 South Carolina ikajitoa kwenye Muungano. Januari zikafuata Mississippi, Florida, Alabama, Georgia na Louisiana. Februari 1, 1861 Texas nayo ikajiondokea. Majimbo saba hayo! Na rais ni nani? Ni Buchanan, mzee anayehesabu siku za kurudi kwao. Alichotamka ni kwamba majimbo hayana haki ya kujitoa, ila na serikali haina mamlaka ya kuyazuia. Hebu fikiria baba mwenye nyumba anawaambia wezi, "Mnachofanya siyo halali, lakini na mimi sina ruhusa ya kuwazuia." Lincoln naye yuko kwao Springfield, kachaguliwa kihalali, lakini hana hata askari mmoja wa kumwamuru. Siku alipoapishwa, Machi 4, nchi ilikuwa imeshapasuka. Aprili mizinga ikaanza kulia, na vita ile ikaua watu zaidi ya laki sita. Wapo wanaosema hata rais mwenye nguvu zake asingeizuia, na huenda wana hoja. Mimi nasema miezi minne bila mwenye nyumba ni mingi mno wakati moto umeshashika makuti.

Unadhani walijifunza? Thubutu. Walingoja miaka zaidi ya 70. Novemba 1932 Herbert Hoover alibwagwa vibaya na Franklin Roosevelt. Uchumi ulikuwa taabani, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hana kazi, na watu wanapanga foleni kutoa pesa zao benki kabla hazijafungwa. Hoover akamwomba Roosevelt watoe msimamo wa pamoja. Roosevelt akakataa, hakutaka kushikishwa mzigo wa mwenzake kabla ya siku yake. Kati ya hao wawili, mmoja ana kalamu lakini haaminiki, mwingine anaaminika lakini hana kalamu. Benki zikaendelea kufunga milango jimbo baada ya jimbo, na akiba za walalahoi zikiwa ndani. Roosevelt aliapishwa Machi 4, 1933, na siku mbili baadaye akazifunga benki zote nchi nzima ili zikaguliwe.

Cha kuudhi ni kwamba dawa ilikuwa imeshapikwa. Seneta George Norris wa Nebraska alipigania kwa miaka mingi marekebisho ya 20 ya Katiba, yakapita Januari 23, 1933, lakini hayakuwahi kumwokoa mtu msimu ule. Tangu hapo Bunge jipya linaanza Januari 3 na rais mpya anaapishwa Januari 20. Wa kwanza kuapishwa tarehe hiyo alikuwa Roosevelt mwenyewe, mwaka 1937. Pengo likapungua kutoka miezi minne hadi wiki kama kumi na moja. Mpaka leo watu wanayaita marekebisho ya bata kiguru.

Halafu mwaka 1951 wakaongeza jingine, la 22: hakuna mtu kuchaguliwa rais zaidi ya mara mbili. Jambo jema, lakini likazaa bata wa aina ya pili. Sasa rais akishinda awamu ya pili, siku ile ile anayoapishwa watu wanaanza kuhesabu. Hata Donald Trump aliyeapishwa mara ya pili Januari 20, 2025, pamoja na kelele zake zote, kifungu hicho kinamhusu kama wengine.

Lakini washikaji, msije mkadanganyika na jina. Bata huyu anaweza kuwa kiguru na bado akakuuma. Tena anauma kwa raha zake, kwa sababu haombi tena kura ya mtu. Bill Clinton siku yake ya mwisho kazini, Januari 20, 2001, alisamehe watu 140 kwa mkupuo, akiwemo tajiri Marc Rich aliyekuwa amekimbilia Uswisi akitafutwa kwa kesi ya kukwepa kodi. Nchi nzima ilipiga kelele, angefanywa nini? Biden ndiyo usiseme. Alijitoa kwenye kinyang'anyiro Julai 21, 2024, akawa bata kwa miezi sita kamili. Desemba 1 akamsamehe mwanaye Hunter, baada ya kusema mara kadhaa kwamba hatafanya hivyo. Desemba 23 akawaondolea adhabu ya kifo wafungwa 37 kati ya 40 wa serikali kuu, wakabaki na kifungo cha maisha. Hapo unaona mambo mawili ya mtu mmoja, moja linanuka ubaba na jingine naliheshimu, na yote yametoka kwenye uhuru ule ule wa mtu asiyekuwa na kesho ya kuilinda. Bara letu pia alilikumbuka wakati huo. Aliahidi mwaka 1922? Hapana, siyo zamani kiasi hicho, aliahidi 2022 kwamba atakuja Afrika, akatua Angola Desemba 2024 huku mrithi wake ameshapatikana. Mgeni wa namna hiyo unampikia pilau, lakini mikataba mikubwa unamsubiri anayekuja.

Na kuna bata mmoja ambaye mbawa zake zilitugusa sisi majirani. Novemba 1992 George Bush mzee alishindwa na Clinton. Mwezi uliofuata, akiwa anafunga mabegi, alituma maelfu ya askari Somalia kulinda chakula cha msaada kisiporwe na wababe wa vita. Desemba 9 wakatua ufukweni Mogadishu, kamera za televisheni zikiwa zimewatangulia. Nia ilikuwa njema, watu walikuwa wanakufa njaa, na chakula kiliwafikia wengi. Lakini vita huanzishwa na mmoja akaachiwa mwingine. Oktoba 1993 askari 18 wa Marekani waliuawa Mogadishu katika mapambano yaliyoua mamia ya Wasomali, na aliyekuwa kitini kubeba lawama ni Clinton. Machi 1994 Wamarekani wakaondoka. Aprili hiyo hiyo Rwanda ikalipuka, na Washington, ikiwa bado inauguza kidonda cha Mogadishu, haikutaka kusikia habari ya kupeleka askari. Wazee wa Ngara watakusimulia jinsi watu zaidi ya laki mbili walivyovuka daraja la Rusumo ndani ya siku mbili tu mwishoni mwa Aprili. Sisemi uamuzi wa Bush ndio chanzo, la hasha. Nasema tu kwamba anayesaini siyo lazima ndiye atakayekuwepo bili ikija.

Wengine hata kuuma hawaachiwi. Jimmy Carter alishindwa na Ronald Reagan Novemba 1980 huku Wamarekani 52 wakiwa mateka Iran. Alihangaika nao mpaka alfajiri ya siku ya kuondoka. Iran wakawaachia Januari 20, 1981, siku ya 444, dakika chache baada ya Reagan kuapishwa. Dakika chache tu! Huko uswahilini tungesema wamemfanyia makusudi.

Haya, na kwetu je? Tanzania pengo la baada ya uchaguzi halina urefu wa kuota mende. Katiba inataka rais mteule aapishwe ndani ya siku saba tangu atangazwe mshindi. Magufuli alitangazwa Oktoba 29, 2015, akaapishwa Novemba 5. Na Bunge huvunjwa kabla ya uchaguzi, kwa hiyo hutaona wabunge walioangushwa wakirudi mjengoni kupitisha miswada ya kuagana. Bata wetu hutokea mapema zaidi, chama kikishapata mgombea. Julai 12, 2015 CCM ilimpata Magufuli kule Dodoma, na kuanzia hapo mabango, fulana na kofia zikabadilika sura, wakati Kikwete alikuwa bado Amiri Jeshi Mkuu kwa karibu miezi minne.

Ila sisi tuna kiti cha pili ambacho Wamarekani hawana. Mwalimu Nyerere alitoka Ikulu 1985 akabaki Mwenyekiti wa CCM mpaka 1990. Mwinyi alitoka 1995, uenyekiti akaukabidhi 1996. Mkapa 2005, akakabidhi 2006. Kikwete 2015, akakabidhi 2016. Mtu ambaye bado anaongoza vikao vinavyomjadili aliyemrithi huwezi kumwambia nenda kalale.

Wakenya wao walionja joto ya jiwe. Mwaka 2002 Katiba ilimwambia Daniel arap Moi imetosha baada ya miaka 24. Akamchagua kijana Uhuru Kenyatta amrithi, na vigogo waliokuwa wakimnyenyekea miaka yote wakamgeuzia kibao hadharani, wakahamia upinzani. Mwai Kibaki akashinda, na siku ya kukabidhiana, Desemba 30, pale Uhuru Park, Moi alizomewa na umati ambao mwaka mmoja nyuma hata kunong'ona ulikuwa ukiogopa. Uhuru naye zamu yake ikafika 2022: akampigia debe Raila Odinga dhidi ya naibu wake mwenyewe, William Ruto, na Ruto akachukua. Lakini safari hii Wakenya walikuwa wameshajifunza. Katiba yao ya 2010, kifungu cha 134, inamfunga bata mdomo. Kuanzia siku ya kupiga kura mpaka mpya aapishwe, anayeondoka haruhusiwi kuteua majaji, mawaziri wala mabalozi, hasamehe wafungwa, hatoi hata nishani. Kati ya Agosti 9 na Septemba 13, 2022, kesi ikiwa Mahakama ya Juu, Uhuru alikuwa rais wa namna hiyo. Adams angelia machozi.

Wapo pia wanaouogopa ubata kiasi cha kuvunja kalenda yenyewe. Uganda waliondoa ukomo wa awamu 2005 na ukomo wa umri 2017. Rwanda walipiga kura ya maoni Desemba 2015. Burundi, Pierre Nkurunziza alipong'ang'ania awamu ya tatu mwaka 2015, damu ilimwagika Bujumbura na maelfu wakakimbilia Kigoma. Mimi uniletee bata kiguru kila siku.

Sasa ukitaka kulitumia neno hili kijiweni bila kuchekwa, angalia mambo mawili tu. Rais anayegombea tena siyo bata, hata akitembelea mkongojo, maana kesho anaweza kukukuta pale pale. Na waziri aliyetenguliwa jana usiku, simu yake haipokelewi na dereva ameshaondoka na gari, naye siyo bata kiguru. Huyo ameshachinjwa.